Marehemu Wangila na Somo la Miguu

Kila niwaonapo vijana wa Mji wa Kale wakirushiana ngumi barazani, miguu imeganda kama nguzo, humkumbuka marehemu Robert Wangila. Alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka 1988, huko Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya ndondi katika Olimpiki. Mwaka 1994 aliumia kichwa ulingoni Las Vegas, akafariki akiwa na miaka 26. Ajali haina kinga. Hata hivyo nawaambia: wanangu, mkienda mbele, mguu wa mbele utangulie, mkirudi, wa nyuma, wala isipishane. Ngumi humpa mtu sifa, lakini miguu ndiyo ngao ya kichwa.