Haile Selassie: Mfalme Aliyeabudiwa Jamaica, Akatolewa Ikulu na Volkswagen

Kama umewahi kushuka mat pale Railways Nairobi, barabara ya Haile Selassie unaijua. Sura yake pia unaijua: iko nyuma ya mathree, kwa fulana za marasta, kwa ukuta wa kinyozi. Lakini uliza wasee mtaani huyo buda alitoka aje kwa kiti, wengi watakushow tu ati jeshi lilimpindua.

Hiyo ni nusu ya story. Kabla jeshi lifike ikulu Addis Ababa mwaka wa 1974, serikali yake ilikuwa tayari imelemewa na madere wa teksi, walimu, wanafunzi na wanajeshi wa chini waliokosa maji safi ya kunywa. Na kitu cha kushangaza ni kwamba wengi wao walikuwa watu ambao yeye mwenyewe aliwasomesha ama kuwavisha sare.

Yatima wa Harar

Alizaliwa Julai 23, 1892 kule Ejersa Goro, karibu na mji wa Harar, akaitwa Tafari. Babake, Ras Makonnen, alikuwa gavana wa Harar na binamu wa Mfalme Menelik wa Pili. Mzee huyo alikuwa mmoja wa makamanda wa vita vya Adwa mwaka wa 1896, pale Ethiopia iliwachapa Waitaliano hadi Ulaya ikaduwaa.

Mamake aliaga akiwa mtoto. Babake naye alifariki mwaka wa 1906, Tafari akiwa na miaka 13 tu. Akabaki kijana mdogo ikulu ya Menelik, katikati ya wazee waliokuwa wanawindana kisiasa. Hapo ndipo alijifunza kunyamaza, kungoja, na kujua siri za kila mtu.

Menelik alikufa 1913. Mjukuu wake, Lij Iyasu, akashika usukani lakini makabaila na kanisa wakamtoa 1916. Zewditu, bintiye Menelik, akawa malkia, na Tafari akafanywa msimamizi wa serikali na mrithi wa kiti. Cheo chake kilikuwa Ras, kwa hivyo watu walimwita Ras Tafari. Sasa unajua neno Rasta limetoka wapi.

Mwaka wa 1923 aliingiza Ethiopia kwa Ushirika wa Mataifa. Zewditu alipofariki, Tafari akatawazwa Novemba 2, 1930 na kuchukua jina Haile Selassie, maana yake nguvu ya Utatu. Habari zilifika Jamaica, ambako watu weusi maskini walikuwa chini ya mkoloni Mwingereza. Kuona Mwafrika amevaa taji na wazungu wamekuja kumsalimia ilikuwa kitu ingine kabisa. Wengine wakaamua huyu ni Mungu. Alipotua Kingston Aprili 1966, umati ulifurika hadi kwenye ndege. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa Orthodox hadi mwisho.

Shujaa wa dunia

Mwaka wa 1935 Mussolini alivamia Ethiopia akilipiza kisasi cha Adwa. Ndege zake zilimwaga gesi ya sumu kwa watu. Mwaka uliofuata Mfalme akakimbilia uhamishoni, akaenda Geneva kuonya mataifa makubwa kwamba wakinyamaza, moto huo utawafikia pia. Walinyamaza. Miaka mitatu baadaye ukawafikia.

Aliishi Bath, Uingereza, hadi vita vya pili vilipogeuza mambo. Majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa KAR waliopitia Kenya, yaliwafukuza Waitaliano. Mei 5, 1941 akarudi Addis Ababa.

Miaka iliyofuata alikuwa juu kabisa. Mei 1963 viongozi wa Afrika walikutana kwake na kuunda OAU. Juni 1964 alitembelea Kenya, nchi ikiwa na miezi michache tu ya uhuru. Huku nje alikuwa baba wa Afrika. Shida ilikuwa nyumbani.

Shamba ni lako, mavuno si yako

Shida ya kwanza ilikuwa ardhi. Menelik aliposhinda sehemu za kusini, mashamba mengi yaligawiwa wanajeshi, makabaila na kanisa. Wenyeji wakajikuta wapangaji kwa shamba la babu yao. Mkulima angelima, apande, apalilie, halafu mwenye shamba achukue nusu ya mavuno, na kuna mahali alichukua hata zaidi. Juu ya hiyo kuna kazi za bure nyumbani kwa bwana.

Miswada ya kupunguza mzigo huo ilifika bungeni. Lakini wabunge wengi walikuwa wenye mashamba, kwa hivyo ilikwama huko huko. Mwaka wa 1965 wanafunzi wakaingia barabarani wakidai ardhi ipewe anayeilima.

Shida ya pili ilikuwa hapakuwa na mlango wa kutoa malalamishi. Katiba ya 1955 iliruhusu wabunge kuchaguliwa, lakini vyama vya siasa havikuwepo, na Mfalme ndiye aliyechagua waziri mkuu na mawaziri. Katiba hiyo hiyo ilisema mwili wake ni mtakatifu. Sasa kama juu yako kuna mtu mtakatifu, ukiwa na shida utaipeleka wapi?

Onyo lilikuja mapema. Desemba 1960, Mfalme akiwa ziara ya Brazil, mkuu wa walinzi wake Mengistu Neway na nduguye Germame walijaribu kumpindua. Huyu Germame si ati alikuwa mhuni. Alikuwa amesoma Marekani, akarudi akafanywa gavana kule Wolayta, akaanza kugawia maskini ardhi. Wenye mashamba wakamchomea picha, akahamishwa. Hapo ndipo aliona nchi haitabadilika kwa barua.

Jaribio lilizimwa. Germame alikufa, kakake akanyongwa. Lakini wanafunzi wa chuo walikuwa wameandamana kuwaunga mkono, na hiyo ndiyo ilifaa kumshtua Mfalme. Badala ya kugusa ardhi, aliwapa wanafunzi ikulu yake moja iwe chuo kikuu. Ilikuwa zawadi safi. Pia ilikuwa kiwanda cha watu wenye maswali mengi kuliko majibu aliyokuwa nayo.

Njaa iliyofichwa

Mwaka wa 1972 Mfalme alifikisha miaka 80 na sherehe zikafanywa. Wakati huo huo mvua ilikuwa imekataa kunyesha mkoa wa Wollo, kaskazini. Mwaka wa 1973 watu walikuwa wanakufa. Wakulima waliuza ng'ombe wa kulima, kisha vyombo vya nyumba, halafu wakaanza kutembea hadi barabara kuu wakitafuta msaada.

Serikali ilinyamaza. Kukubali kuna njaa ilionekana ni kumwaibisha Mfalme na kuharibu jina la nchi mbele ya wageni. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 40,000 na 200,000. Oktoba 1973 mwanahabari Mwingereza Jonathan Dimbleby alionyesha filamu ya njaa hiyo kwa televisheni ya Uingereza, na dunia ikajua kabla raia wengi wa Addis Ababa wajue.

Ukame si kosa la mfalme. Lakini kumficha mtu anayekufa njaa ni kosa la serikali, na hilo watu hawakusamehe.

Maji ya Negele, petroli ya Addis

Cheche ya kwanza ilikuwa kitu kidogo sana. Januari 1974, kambi ya Negele kusini, pampu ya maji ya wanajeshi wa chini iliharibika. Maofisa walikuwa na kisima chao, wakakataa kuwagawia. Chakula nacho kilikuwa kibaya. Wanajeshi wakawashika wakubwa wao. Mfalme akatuma jenerali aende aone. Yeye pia wakamshika, wakamlazimisha kula na kunywa kile wao walikuwa wanakula na kunywa.

Februari ikawa noma zaidi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima, na Addis petroli ikaruka kwa asilimia 50. Madere wa teksi wakagoma. Walimu wakagoma pia, juu ya mshahara na mpango mpya wa elimu ambao wazazi waliona utawafungia watoto wa maskini njia ya kufika mbali. Wanafunzi wakajaa barabarani. Wanajeshi wa Asmara wakaasi, wakafuatwa na wengine.

Serikali ikashusha mafuta kidogo. Mfalme akaongezea wanajeshi mshahara. Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold akajiuzulu mwisho wa mwezi. Kila aliporegeza, watu waliona kumbe huyu mzee anaweza kusukumwa. Machi wafanyakazi wakafanya mgomo mkuu. Aprili Waislamu wakaandamana kwa wingi Addis wakidai haki sawa katika nchi ambayo kanisa lilikuwa sehemu ya dola.

Lakini umati huo haukuwa na chama wala kiongozi mmoja. Waliokuwa na mpangilio ni wanajeshi. Juni wakaunda kamati ya watu kama 120, ikaitwa Derg. Walianza kukamata mawaziri na jamaa za Mfalme mmoja mmoja, huku wakidai bado wanamtii.

Septemba 11, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, televisheni ilirusha filamu ya Dimbleby, safari hii ikiwa imechanganywa na picha za karamu za ikulu. Asubuhi yake, Septemba 12, 1974, maofisa walimsomea Mfalme tangazo la kumwondoa. Nje hakukuwa na Rolls-Royce. Alipandishwa kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo, ile Beetle, na njiani watu wakampigia kelele za mwizi. Alikuwa na miaka 82.

Nani alishinda?

Derg iligawa upya ardhi Machi 1975, kitu ambacho Mfalme aliogopa miaka yote. Lakini kabla ya hapo, Novemba 1974, ilikuwa imewaua maofisa wakuu karibu 60 bila kesi, Aklilu akiwa mmoja wao. Baadaye vijana wengi walioandamana dhidi ya Mfalme waliuawa na serikali hiyo hiyo ya Mengistu Haile Mariam.

Haile Selassie alifariki Agosti 27, 1975 akiwa kizuizini. Derg ilisema ni ugonjwa. Mifupa yake ilipatikana 1992 imezikwa chini ya ikulu, mwaka mmoja baada ya Mengistu kuhepa kupitia Nairobi hadi Zimbabwe. Novemba 5, 2000 alizikwa kwa heshima kanisani Addis Ababa, na marasta wakawepo.

Kwa hivyo siku nyingine ukikwama kwa jam ya Haile Selassie Avenue, kumbuka. Huyu jamaa alishinda Mussolini, akaunda OAU, akaitwa Mungu akiwa hai. Kilichomwangusha ni pampu moja ya maji, bei ya petroli, na njaa ambayo watu wake waliona heri ifichwe kuliko isemwe.