Mwana Kupona na Fundisho la Kunyamaza

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa katika kisiwa cha Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyekataa kuuinamia utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar na ambaye mji wake uliyashinda majeshi ya Sultani katika miaka ya 1840. Walijaliwa wana wawili, wa kiume na wa kike. Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Seyyid Said mwenyewe.

Asomaye utendi alioutunga mwaka 1858 na aanzie kwenye ujane huo. Mtunzi alikuwa mgonjwa, mlinzi wa nyumba hayupo, na binti yake, Mwana Hashima, yungali kijana. Mama hakuwa na ngome ya kumwachia mwanawe. Alimwachia beti 102. Humo anamfunza dini na adabu, lakini zaidi utiifu kwa mume: amtunze kama mtoto mchanga, asitoke bila ruhusa yake, naye akinena kwa hasira asimjibu, anyamaze. Radhi za mume zimepangwa pamoja na za Mungu, za Mtume na za wazazi.

Wahakiki wamegawanyika. Wapo wanaomwona kuwa mtetezi wa ubabedume, na wapo wanaosoma hila katika utiifu huo, kwani anayemlea mume kama mtoto ndiye mwenye akili nyumbani. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinausahau woga wa mama. Utendi hautaji kipigo. Hata hivyo, mwanamke ambaye riziki yake, heshima yake na hata Pepo yake vimo mikononi mwa mume angejibu kwa lipi? Kunyamaza kulikuwa kinga. Tatizo ni pale kinga ya mama mmoja inapogeuzwa kuwa kipimo cha mke mwema kwa kila bibi arusi.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takribani wanawake 4 kati ya 10 nchini Kenya walikubali kwamba zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe. Wengi wao, bila shaka, hawajapata kuusikia utendi huu. Asidhani mtu kuwa tunamtwika marehemu mzigo wa nchi nzima. Walifunzwa na shangazi, na somo, na majirani waliosema ndoa ni kuvumilia.

Mwana Kupona hakuishi miaka mingi baada ya kutunga. Aliomba wanawake wausome utendi wake, nao wakaunakili na kuukariri, kizazi baada ya kizazi.