Bibi Salme, Binti wa Sultani wa Unguja

Sisi wa Kilosa na Mikumi hatuhitaji kuambiwa Mangungo wa Msowero alikuwa nani. Watoto wetu humsoma shuleni: tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alimwingiza katika mkataba asioufahamu, na Wajerumani wakaihesabu Usagara kuwa yao. Wachache wanajua kwamba ndoa moja iliyofungwa katika kanisa la Kiingereza, mbali kabisa na hapa, ilitumiwa kuutia nguvu mkataba huo.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa kabila la Wacherkesi. Kwa watawala wa siku zile ndoa ilikuwa kazi ya serikali. Sayyid Said mwenyewe aliwahi kumposa malkia wa Madagaska, wala si kwa mapenzi. Alihitaji askari wa vita vyake vya Mombasa.

Salme alijifunza kuandika kwa siri, maana mabinti hawakuruhusiwa. Elimu hiyo ilimponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliyeandika barua za njama. Njama ikashindwa. Baadaye Salme akapatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisamehe.

Kisha akapendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akachukua mimba. Aibu hiyo ingeweza kumpotezea maisha. Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden, akajifungua huko huku akimngoja Ruete. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa. Tusiharakishe kuuita huo ushindi wa Injili. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba Ukristo wake ulikuwa dhaifu, na katika kitabu chake cha mwaka 1886 bado aliutetea utumwa. Kwa hilo hatuwezi kumsifu.

Mtoto yule wa kwanza alikufa angali mchanga. Agosti 1870 Ruete naye akafariki baada ya kuumizwa na tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka huo huo Barghash akatawazwa. Salme akadai urithi wake, asipate kitu, kwa kuwa alikuwa ameiacha dini ya baba zake. Mwaka 1875 Barghash alizuru London, na dada yake akamfuata huko. Waingereza wakamsihi asimwendee, wakiahidi kuwasomesha watoto wake. Kwa maelezo yake, ahadi hiyo haikutimizwa.

Ikaja habari ya Usagara. Barghash aliupinga mkataba wa Peters, akidai nchi hiyo ni yake. Agosti 1885 Bismarck akapeleka manowari Unguja, na pamoja nazo meli Adler, ikiwa na Salme na watoto wake. Kwa ndoa ile ya Aden walikuwa raia wa Kijerumani. Kama Barghash angewagusa, mizinga ingepata sababu ya kulia; tena mwana wa Salme alikuwa mjukuu wa Sayyid Said, na kiti cha enzi ni kitu cha kuogopewa. Barghash akasalimu amri, Usagara ikaenda. Wajerumani walipokwisha kupata walichotaka, urithi wa mama yule ukasahauliwa. Alirudi tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.

Aliishi miaka mingi Beirut, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, wakati Wajerumani wenyewe walikwisha kuondolewa Usagara. Alizikwa Hamburg kwa mumewe, na kaburini kukatiwa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.