Siti binti Saad, Binti wa Mfinyanzi

Sisi tulioinukia Takaungu tulimjua Siti binti Saad kwa jina kabla ya kumjua kwa sauti. Wakubwa zetu walipotaka kumpima mwimbaji yeyote, walimpima kwake yeye. Lakini katika sifa zote hizo, nasabu yake ilitajwa kwa nadra, na ikitajwa sauti hushushwa. Mimi leo nataka kuanza nayo, kwani naiona ndiyo sifa yake kubwa.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Babake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mamake alikuwa Mzigua, wote wa jamaa zilizotokana na utumwa. Mwana mwenyewe alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Hilo la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Wazee wake waliishi kwa kilimo na ufinyanzi. Siti akajifunza ufinyanzi kwa mamake, akawa abeba vyungu kichwani kwenda kuviuza huku akiimba njiani, hata watu wakajua kuwa yuaja kabla hawajamuona. Utotoni hakupata kusomeshwa. Mtaji wake ulikuwa koo na masikio.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alimpata Ali Muhsin, mpigaji wa Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka 1905. Bwana huyu aliisikia sauti, hakuuliza ukoo, akamkalisha chini akamfundisha. Wasomaji wakumbuke kwamba taarabu wakati huo ilikuwa kitu cha wakubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni. Nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu, na makao yake yalikuwa jumba la Sultani. Siti alizihifadhi kwa kusikia tu, kama sisi chuoni tulivyozihifadhi sura kabla ya kujua maana. Kisha akafanya jambo ambalo jumba halikulitazamia: akaiimba taarabu kwa Kiswahili.

Hakuimba mapenzi peke yake. Nyumbani kwake Ng'ambo wenziwe walikutana, wakazungumza habari za mjini, wakazitungia nyimbo. Wimbo wa Kijiti wasimulia kesi ya mwanamume aliyemuua mwanamke mja mzito kisha akakimbilia bara, huku waliokuja kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Mnyonge asiyekuwa na mahali pa kushtakia alijisikia humo. Walikuwako waliomcheka kwa asili yake na kaniki aliyokuja nayo mjini. Aliwajibu kwa kuimba, wala hakuificha asili.

Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba katika santuri za kampuni ya HMV, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo zikaenea mwambao mzima, zikapenya hadi bara. Kundi lake lilikuwa la watu kama Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Subeti bin Ambar, na pamoja nao Mbaruk Talsam, fundi kipofu wa Mombasa. Kwa hivyo taarabu hiyo nasi wa upande huu twaweza kuiita yetu.

Jambo hili si la Unguja tu. Huko Marekani, wajukuu wa watumwa ndio walioutoa muziki uitwao bluzi. Sonny Terry, aliyefariki mwaka 1986, alikuwa kipofu kama Mbaruk, akaupata ulimwengu kwa kinanda cha mdomo alichoanza kufundishwa na babake. Hao nao walidharauliwa kwanza, wakaigwa baadaye.

Nasi Takaungu tujitazame. Mji wetu uliwapokea Mazrui walipoondoka Mombasa mwaka 1837, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Sheria iliukomesha utumwa Unguja mwaka 1897 na kwetu mwaka 1907, lakini ulimi haukukoma. Hata leo posa hukataliwa kwa ajili yake, na mtoto mwenye kipaji huulizwa ni wa nani kabla ya kuulizwa ajua nini. Ilhali lugha tunayojivunia, na nyimbo tunazoziita ustaarabu wetu, zimebebwa na watu ambao babu zetu hawangewakaribisha barazani.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliwahi kukaa naye na kumsikiliza, na wasifu alioandika ulitoka bibi mwenyewe akiwa ameshazikwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizipata nyimbo kwa kumsikiliza yeye, akaziimba hadi uzee mkubwa, naye akawafunda wengine. Mwaka 1988 waandishi wanawake wa Tanzania, chama chao TAMWA, waliliita gazeti lao Sauti ya Siti.

Mnyororo huo ulianzia kwa mwalimu mmoja aliyekubali kumfundisha mwuza vyungu. Kila mwenye ujuzi mkononi, wa kinanda, wa utenzi au wa kisomo, ajiulize nani amebisha hodi kwake akamrudisha. Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, na amrehemu Ali Muhsin.