Howard Carter

Howard Carter (9 Mei 1874 – 2 Machi 1939) alikuwa mwanaakiolojia kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kugundua kaburi la farao Tutankhamun nchini Misri mwaka 1922. Habari za ugunduzi huo zilichangia sana jinsi akiolojia inavyoonyeshwa hadi leo katika filamu na michezo ya kompyuta.

Maisha

Alizaliwa Kensington, London, akalelewa Swaffham, Norfolk. Alifundishwa kuchora na baba yake, Samuel John Carter, aliyekuwa msanii. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 17, alikwenda Misri kunakili michoro ya makaburi ya Beni Hasan. Mwaka uliofuata alijifunza uchimbaji chini ya Flinders Petrie huko Amarna.

Mwaka 1899 aliteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa mambo ya kale katika Misri ya Juu. Alijiuzulu mwaka 1905 baada ya ugomvi kati ya watalii Wafaransa na walinzi Wamisri huko Saqqara. Carter aliwatetea walinzi na akakataa kuomba radhi. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa kuuza picha alizochora, hadi alipoajiriwa na tajiri Mwingereza, Lord Carnarvon.

Kaburi la Tutankhamun

Tarehe 4 Novemba 1922, wafanyakazi Wamisri waliokuwa wakichimba katika Bonde la Wafalme walifikia ngazi ya kwanza ya kaburi. Tarehe 26 Novemba Carter alitoboa tundu katika mlango wa ndani na kuona hazina kwa mwanga wa mshumaa.

Kaburi lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000. Kabla ya kuhamishwa, vitu vilipewa namba, vikaelezwa kwenye kadi na kupigwa picha na Harry Burton. Kazi yote ilichukua takriban miaka 10. Ilisimama mwaka 1924 kutokana na mgogoro kati ya Carter na serikali ya Misri, ikaendelea mwaka 1925.

Hadithi ya laana

Carnarvon aliuza haki ya habari za kaburi kwa gazeti la The Times, hivyo magazeti mengine, yakiwemo ya Misri, yaliachwa nje. Alipofariki Cairo tarehe 5 Aprili 1923, baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuingiwa na vijidudu, magazeti yalieneza hadithi ya laana ya farao. Carter aliikanusha, naye aliishi zaidi ya miaka 16 baada ya kufungua kaburi. Hata hivyo hadithi hiyo iliingia katika sinema, kama vile The Mummy (1932), na baadaye katika michezo ya kompyuta, kama vile Assassin's Creed Origins, ambao sehemu yake ya nyongeza ya mwaka 2018 inahusu laana za mafarao.

Kifo na urithi

Carter alifariki London kwa saratani ya limfu. Baadhi ya vitu vya kaburi vilikutwa kati ya mali zake, jambo lililoharibu sifa yake. Baadaye vilirudishwa Misri.

Kadi na michoro yake huhifadhiwa katika Griffith Institute, Oxford, na leo husomwa bure kwenye intaneti. Mwaka 2014 nakala ya chumba cha maziko, iliyotengenezwa kwa vipimo vya kompyuta, ilifunguliwa karibu na nyumba yake ya zamani huko Luxor, ili kupunguza madhara ya wageni wengi kwa kaburi halisi.