Tiberius Gracchus: Tribuni aliyeuawa kwa ajili ya mashamba

Ikitajwa Roma ya kale, wengi humkumbuka Kaisari. Leo tunamwangalia mtu aliyekufa zaidi ya miaka 30 kabla Kaisari hajazaliwa: Tiberius Sempronius Gracchus.

Hakuwa mtoto wa maskini. Baba yake alikuwa konsuli mara mbili, na mama yake, Cornelia, alikuwa binti wa Scipio, jemadari aliyemshinda Hannibal. Hata hivyo, kwa ukoo alihesabiwa mplebei, na hapo inabidi tueleze kidogo.

Roma wakati huo ilikuwa jamhuri. Haikuwa na mfalme. Kila mwaka raia wanaume waliwachagua makonsuli wawili wa kuongoza nchi na majeshi. Kisheria Seneti, yenye watu wapatao 300, ilitoa ushauri tu, lakini kwa kweli ndiyo iliyoshika usukani. Koo chache za kale ziliitwa za wapatrisi, na raia wengine wote walikuwa waplebei. Kufikia enzi za Tiberius, waplebei matajiri walikwishaingia Seneti na kuoana na wapatrisi, hivyo pengo kubwa lilikuwa la mali. Chini ya wote walikuwa watumwa, wasio na kura wala haki.

Waplebei walikuwa na watetezi wao 10, walioitwa matribuni. Tribuni mmoja tu akisema hapana, muswada ulikwama. Tena mwili wake ulikuwa mtakatifu: kumpiga ilikuwa kuwakosea miungu.

Shida ilikuwa ardhi. Jeshini waliandikishwa wenye mali, wengi wao wakulima wadogo. Mtu alipelekwa vitani Hispania miaka kadhaa, na aliporudi alikuta shamba limekuwa pori au limekwenda kwa deni. Matajiri nao walijitwalia ardhi ya umma na kuilimisha kwa watumwa waliotekwa vitani. Tiberius aliwajua askari hao. Mwaka 137 Kabla ya Kristo (KK), jeshi la Roma lilipozingirwa karibu na Numantia, yeye ndiye aliyepatana na adui na kuwaokoa watu wapatao 20,000. Seneti ikayakataa mapatano hayo.

Mwaka 133 KK alikuwa tribuni. Muswada wake haukugusa shamba la mtu binafsi. Ulihusu ardhi ya umma tu: asiwepo wa kushikilia zaidi ya takribani ekari 310, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto, na inayozidi wagawiwe maskini. Kikomo hicho kilikuwa cha zamani, ila hakuna aliyekijali.

Tribuni mwenzake, Marcus Octavius, akasema hapana. Tiberius alimsihi, akashindwa, kisha akawaomba wananchi wapige kura ya kumwondoa. Wakamwondoa, na sheria ikapita. Kwa maoni yetu, hapa ndipo alipojiweka pabaya. Alikuwa na sababu nzuri, lakini zuio la tribuni lilikuwa ngao ya wanyonge wenyewe, naye aliitoboa.

Alipogombea tena kwa ajili ya mwaka uliofuata, wapinzani walidai anataka ufalme, tuhuma mbaya kuliko zote mjini Roma. Siku ya kura, binamu yake Scipio Nasica, aliyekuwa kuhani mkuu, aliongoza maseneta na wafuasi wao hadi mkutanoni. Walibeba marungu na miguu ya mabenchi yaliyovunjika. Tiberius aliuawa pamoja na watu wapatao 300, na maiti zao zikatupwa usiku katika mto Tiber. Utakatifu wa tribuni haukumfaa kitu.

Ajabu ni kwamba sheria yake haikufutwa mara moja. Tume ya watu watatu iliendelea kupima na kugawa ardhi. Mdogo wake, Gaius, alikuwa mmoja wao. Baadaye naye akawa tribuni, na mwaka 121 KK akapoteza maisha katika ghasia kama zile. Baadhi ya mawe ya mipaka yenye majina ya wajumbe wa tume hiyo yamepatikana mashambani Italia.