GRACE HOPPER: MAMA ALIYEFUNDISHA KOMPYUTA KUUNGANISHA

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbe hata programu za kompyuta zaifuata methali hii! Aliyelitambua hilo mapema ni marehemu Grace Hopper, mwanamke wa Marekani.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa za kengele 7 za nyumbani ili aone zinavyofanya kazi. Mama yake alipogundua, alimruhusu kuchokora moja tu. Alisomea hisabati, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akawa mwalimu.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alitaka kuingia jeshi la majini. Umri ulikuwa umezidi na uzito ulipungua kwa kilo 7 hivi. Hakukata tamaa. Alipewa ruhusa maalum, akajiunga Desemba 1943. Mwaka 1944 alipelekwa Harvard kwenye kompyuta ya Mark I, mashine ya mita 15. Si mchezo!

Siku hizo hesabu zilizokwisha kuandikwa zilinakiliwa upya kwa mkono katika kila programu mpya, na makosa yakaingia. Ni sawa na fundi kuoka matofali mapya ilhali tanuri limejaa yaliyoiva. Mwaka 1952, akiwa katika kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, Hopper aliunda A-0. Kila kipande cha programu kiliwekwa kwenye utepe na kupewa namba. Mtu aliandika namba tu, nayo A-0 ikavitafuta vipande na kuviunga kuwa programu moja. Wengi walimpinga wakishikilia kuwa kompyuta haiwezi kujiandalia programu, kazi yake ni hesabu basi.

A-0 aliiita kompaila, lakini kazi yake yafanana zaidi na ya linka ya leo. Linka ni kama msimamizi wa arusi anayejua nani analeta ndizi na nani ana sufuria. Ukitaka kujenga upya programu ya zamani ya lugha ya C, lugha iliyoundwa na Dennis Ritchie miaka ya 1970, lazima uiambie linka ni maktaba zipi zitumike na ziko wapi. Ukisahau hata moja, yagoma na kukutajia jina isilolipata. Hapo usilaumu programu kwanza. Kagua orodha yako.

Kazi ya Hopper ilichangia pia lugha ya COBOL, iliyoanza 1959. Alistaafu 1966, jeshi likamwita tena 1967, hadi 1986 alipotoka akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Alipenda kuwagawia wasikilizaji waya wa sentimita 30, ili waone umeme hauwezi kupita umbali huo katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

Wasichana wenzangu wa Kisii na Nyamira, tusiogope hisabati eti ni ya wavulana. Huyu mama aliambiwa haiwezekani, naye akaunda. Na sisi tuchokore saa zetu!